Si kila jangwa lina sultani

Waandishi wengi wanaobuni ufalme wa jangwani humwita mtawala wao sultani kabla hawajaamua maji ya ufalme huo yanatoka wapi. Hapo ndipo hadithi inapoanza kulegea.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, lina maana ya mamlaka, na lina historia nzito. Karne ya 11, watawala wa Waseljuk, ukoo wa Kituruki, walijiita masultani huku khalifa akiwa bado yuko Baghdad: yeye ana heshima ya dini, wao wana majeshi. Cheo hicho kinadokeza kwamba kuna mwingine anayekibariki. Ufalme wako ukiwa hauna mtu huyo, msomaji makini atamtafuta asimpate. Hata watawala wa kweli wamewahi kuliacha neno hilo. Fuad wa Misri alijiita mfalme mwaka 1922, uhuru wa nchi ulipotambuliwa, na Mohammed V wa Moroko akafanya hivyo mwaka 1957.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Watuareg, watu wa jangwa la Sahara, wa Ahaggar, kusini mwa Algeria. Mkuu wao aliitwa amenokal. Alama ya enzi yake ilikuwa ngoma, na urithi ulifuata upande wa mama, hivyo mtoto wa dada aliweza kumrithi mjomba wake. Ngoma na ukoo wa mama tu vinatosha kukupa njama za kitabu kizima.

Kwa hiyo anza na kitu adimu: kisima, chumvi, njia ya misafara. Anayekigawa ndiye mtawala, na cheo kitokane na kazi hiyo. «Mwenye Visima» kinaeleza mengi kuliko sultani. Kisha kitamke kwa sauti, kama mjumbe anayeingia barazani. Kikizidi maneno matatu, wahusika watakifupisha, basi amua mapema ufupisho wenyewe. Amua pia mwanamke akitawala ataitwaje. Mwanamke aliyeitwa Shajar al-Durr alishika enzi ya Misri mwaka 1250, kwa hiyo suala hili si la kubuni tu.

Kosa linalojirudia ni kurundika amiri, shehe, shah na sultani katika ikulu moja bila kusema nani anamsujudia nani. Vyeo viwili vinatosha, mradi kila kimoja kiwe na kitu ambacho mwenye kingine hawezi kukigusa. Na kisima kikikauka, andika wanamwitaje Mwenye Visima siku inayofuata.