Daftari la maji likae wapi?

Ndoo ya lita 20 ikiuzwa shilingi 50, uniti moja ya maji, yaani lita 1,000, inaingiza shilingi 2,500. Katika kijiji kimoja cha Singida nilimkuta mama akiipiga hesabu hiyo kwa sauti huku akingoja zamu yake, macho yake kwenye dira ya maji iliyofungwa ubavuni mwa kituo cha kuchotea. Alipomaliza akamgeukia mhudumu: “Hela za mwezi jana zimekwenda wapi, mbona tunaambiwa pampu haina dizeli?” Mhudumu akamjibu kwa upole kwamba daftari liko kwa mhasibu, na mhasibu yuko kata ya pili.

Je, tutunge sheria inayolazimisha daftari hilo liwe wazi? Wanaopinga husema sheria tunazo tele, na hawakosei. Ibara ya 18(d) ya Katiba inampa kila raia haki ya kupewa taarifa “wakati wote” kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Kuna pia Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, iliyounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuweka miradi ya vijijini chini ya vyombo vya jamii, CBWSO.

Ila ile ya 2016 inamtaka mwananchi aombe kwanza, kisha ofisi ina hadi siku 30 za kumjibu. Mama mwenye ndoo mbili hawezi kuandika barua kila pampu inaponyamaza. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, nayo, kwa umuhimu wake wote, humfikia Rais mwishoni mwa Machi ikizungumzia mwaka wa fedha uliofungwa Juni iliyopita. Hapo imeshapita miezi tisa, na mkandarasi aliyefukia bomba kwa kina kifupi huenda ameshahamisha vifaa vyake.

Hoja ya wanaopinga inayonisumbua zaidi ni nyingine. Kwa mamlaka za mijini uwazi tunao tayari: EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huchapisha kila mwaka ripoti ya utendaji wao, na kwa miaka mingi ripoti hizo zimeonyesha kuwa zaidi ya asilimia 30 ya maji yanayozalishwa hupotea kabla ya kulipiwa, wakati lengo ni kutozidi asilimia 20. Namba iko hadharani, maji yanaendelea kuvuja. Kwa hiyo anayesema kuchapisha takwimu hakuzibi bomba anasema kweli, na sisi tunaotetea uwazi tusimkwepe. Jibu langu ni kwamba namba ile ni ya mamlaka nzima. Mkazi wa mtaa mmoja wa Dar es Salaam haimwonyeshi ni bomba gani kwake linavuja, wala ni nani alipaswa kulitengeneza. Ingetolewa kwa mtaa, kila mwezi, angekuwa na la kumuuliza diwani wake kwa jina la mtaa na tarehe.

Kuhusu mikataba sina subira kabisa na kisingizio cha siri za kibiashara. Kampuni ya City Water, iliyohusisha Biwater ya Uingereza, ilianza kuendesha maji ya Dar es Salaam mwaka 2003 kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 Serikali iliuvunja. Kesi ilipofika kwa wasuluhishi wa kimataifa, asasi za Tanzania, zikiwemo LHRC ya haki za binadamu na TGNP ya masuala ya jinsia, ziliomba kusoma nyaraka na kuhudhuria vikao. Ziliruhusiwa kuwasilisha maoni ya maandishi tu. Hebu fikiria: wakazi waliokuwa wakinunua maji ya toroli wanatolea maoni kesi ya maji yao wenyewe bila kuona karatasi zake! Hukumu ya 2008 ilisema Tanzania ilikiuka mkataba wa uwekezaji kati yake na Uingereza, ingawa haikuamriwa kulipa fidia. Mkataba wa huduma kama hiyo uwekwe hadharani siku unaposainiwa.

Kwa vyombo vya vijijini, zile CBWSO, nalegeza. Vingi vina mhasibu mmoja na fundi mmoja, na sheria ya kudai ripoti ndefu kwa faini kubwa itawakimbiza wachache wenye moyo wa kujitolea. Mimi ningeandika kifungu kifupi: kila mwezi, namba nne zibandikwe kwenye kituo cha kuchotea. Uniti zilizosomwa kwenye dira, fedha zilizokusanywa, fedha zilizotumika na kwa kazi gani, na salio la benki. Zote zimo daftarini tayari. Zisipobandikwa, wa kwanza kuwajibishwa awe meneja wa RUWASA wa wilaya, ambaye ana ofisi, gari na mshahara wa kumfikisha kijijini kuuliza kwa nini.