Ukungu kwenye picha, sawa. Kufuta je?

Tangu Juni 2024, sisi tunaobeba kamera katikati ya Nairobi tumezoea kupigiwa kelele moja: ziba nyuso! Ilianza na maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, ikazidi baada ya waandamanaji kuingia Bungeni tarehe 25, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa imegeuka sheria isiyoandikwa. Anayechapisha uso wa mwandamanaji bila ukungu huitwa msaliti.

Hofu hiyo si ya kubuni. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa kati ya Juni na Desemba 2024. Mama ambaye mwanawe amechukuliwa na watu wasio na sare hutamwambia habari za umuhimu wa kumbukumbu. Na kusema kweli, picha ya karibu ya msichana aliyeinua bango haina haraka ya kurushwa kwenye mtandao wa X kabla hajafika nyumbani.

Ila wengi wa waliotekwa mwezi Desemba walijulikana kwa walichochapisha wenyewe mtandaoni, michoro na picha za kumkejeli rais. Mtekaji hakuhitaji gazeti. Hilo halituondolei wajibu, lakini lawama yote inapoangukia kamera, kuna jambo linalosahaulika.

Aprili 2025, BBC Africa Eye, kitengo cha uchunguzi cha BBC, ilitoa uchunguzi kuhusu waliouawa nje ya Bunge. Ilichambua zaidi ya picha 5,000, za mnato na za video, hadi ikawaonyesha maafisa waliofyatua risasi. Hizo 5,000 haziniishi akilini. Nina hakika nyingi kati yake, ukizitazama moja moja, ni za kutupa: mgongo wa mtu, moshi wa vitoa machozi, nusu ya kofia ya polisi. Mhariri wangu asingezitazama mara mbili. Lakini moja huonyesha bunduki imeinuliwa, nyingine huonyesha mtu akianguka, ya tatu imepigwa kutoka ng'ambo ya barabara. Ili uziunganishe unahitaji kitu kinachoonekana katika zote tatu, na mara nyingi kitu hicho ni mwandamanaji wa kawaida: kijana mwenye fulana nyekundu, yule aliyejifunga bendera shingoni. Ukimziba yeye kila mahali, umeng'oa vigingi vyote, na afisa anabaki akielea peke yake bila saa wala mahali. Waliopiga picha hizo, wengi kwa simu tu, hawakujua walichokuwa nacho. Hakuna anayejua siku hiyo hiyo.

Tukumbuke pia ni nani hasa aliyependa kujificha. Agosti 2024 Mahakama Kuu ililazimika kuamuru polisi wanaosimamia maandamano wavae sare na wasifunike sura zao. Tarehe 17 Juni 2025 mchuuzi wa barakoa (barakoa, jamani!) alipigwa risasi kichwani kwa karibu, mchana, mbele ya kamera. Baadaye alifariki, na afisa wa polisi akashtakiwa kwa mauaji. Sidhani kesi hiyo ingefika mahakamani upesi vile kama kilichosambaa kingekuwa video yenye ukungu.

Kwa hiyo wanaodai ukungu nawaelewa, mradi uwe kwenye nakala inayochapishwa. Kinachonitisha ni desturi iliyoandamana nao: mtu anaziba nyuso kwenye simu, anarusha, kisha anafuta picha asili ili akikamatwa asikutwe nayo, au kwa sababu tu simu imejaa. Saa iliyorekodiwa ndani ya faili hupotea pamoja nayo. Mpiga picha wa kujitegemea ndiye aliye hatarini zaidi, maana kazi yake ya mwaka mzima huwa kwenye diski moja chumbani. Chumba cha habari kinachomwagiza afiche nyuso kingeanza kwa kumnunulia diski ya pili, na kuiweka mahali ambapo hata yeye mwenyewe hawezi kuifikia akishikwa.