Kifungua Mimba Naye Ana Safari Yake

Aliyekua akisimuliwa hadithi anajua mwisho wake kabla msimulizi hajafika huko. Mfalme ana wana watatu, au saba. Wa kwanza anatumwa, anashindwa. Wa pili naye anashindwa. Wa mwisho, ambaye nyumba nzima ilikuwa ikimdharau, ndiye anayerudi na ushindi. Katika kisa cha Sultani Majinuni, kimojawapo cha vile ambavyo mmisionari Mwingereza Edward Steere alivikusanya Unguja na kuvichapisha London mwaka 1870, wana wakubwa wanapewa zamu ya kuulinda mtende usiku, na kila mmoja anapitiwa na usingizi, ndege anakula tende zote. Anayekesha ni wa saba, Mkaa Jikoni. Ni huyohuyo anayekwenda porini kumtafuta nunda mla watu, akimletea mama yake mnyama baada ya mnyama na kila mara akiambiwa siye, siye, mpaka siku anapomleta mwenyewe.

Kisa hicho nakipenda na nitaendelea kukisimulia. Ila kuna mtu ndani yake ambaye hakuna anayemuuliza lolote: mtoto wa kwanza. Kazi yake ni kushindwa mapema ili hadithi iendelee. Na akiwa wa kike, hata hiyo nafasi ya kushindwa huwa hapewi, anabaki nyumbani.

Ndiyo maana mzazi akiniuliza ampe nini binti yake mkubwa asome, yule wa miaka kumi na moja au kumi na mbili anayejua Kiingereza cha kutosha, namtajia riwaya moja kabla ya nyingine zote: Howl's Moving Castle ya Diana Wynne Jones, iliyotoka mwaka 1986. Ni riwaya ya fantasia yenye wachawi, jini la moto na ngome inayotembea milimani ikitoa moshi. Lakini kilichomo ndani kabisa ni dada watatu, na yule mkubwa ambaye ameshaamini kwamba maisha yake yamekwisha kabla hayajaanza.

Anaitwa Sophie Hatter. Anaishi Ingary, nchi ambayo mambo ya hadithini ni mambo ya kila siku, na huko kila mtu anajua kwamba katika watoto watatu, wa kwanza ndiye atakayeharibikiwa zaidi akithubutu kwenda kutafuta bahati yake. Hii ndiyo hila nzuri ya mwandishi. Kanuni ambayo wasimulizi wameitumia kwa karne nyingi bila kuitaja, yeye ameifanya sheria ya nchi, kisha akamweka msichana mwenye akili timamu chini yake tuone itamfanya nini.

Inamfanya anyamaze. Baba yao anafariki na kuacha duka la kofia lenye madeni. Mama, ambaye kwa Sophie ni wa kambo, anawagawia mabinti kazi za kujifunza: Lettie anapelekwa kwenye duka la keki, Martha kwa bibi mmoja mchawi mwema akafundishwe uchawi, na Sophie abaki dukani. Hapingi. Anaona ni haki, kwa kuwa yeye ni mkubwa na mkubwa hana la kutarajia. Anakaa chumba cha nyuma siku nzima akipamba kofia, bila mshahara, na kwa upweke anaanza kuziongelesha. Hii anaambiwa ina moyo wa dhahabu na mtu mwenye cheo ataupenda. Ile anaambiwa itampata tajiri. Kisha wateja wanazinunua, na yaliyosemwa yanatokea. Binti mmoja wa mjini anatoroka na mwana wa watu wakubwa akiwa amevaa ile ya moyo wa dhahabu. Mji mzima unazungumzia kofia za duka lile. Sophie peke yake ndiye asiyejua kwamba ulimi wake una nguvu.

Nimeisoma sehemu hii mara nyingi na bado inanikaa kooni. Msichana anawatakia wengine mema kutwa nzima, na yote yanawafikia, naye mwenyewe hajawahi kujitakia neno.

Dada yetu mkubwa nyumbani hatukumwita jina. Tulimwita Dada, basi, na mpaka leo wajukuu wa mama yangu wanadhani ndilo jina lake. Alimaliza kidato cha nne akaambiwa asubiri kwanza, asaidie kibandani mpaka wadogo wasogee. Wadogo tulisogea. Ada yangu ya kidato cha tano ilitoka kwenye unga na mafuta aliyopima yeye. Hakuna aliyemwonea kwa kukusudia. Kila mtu alimpenda na kila mtu alimsifu, na hizo sifa ndizo zilizomfunga. Mtoto akisifiwa kila siku kwamba yeye ndiye nguzo ya nyumba, ataondokaje?

Jones anaijua hali hii vizuri mno, na katika kuieleza hakumfanya mama wa kambo kuwa shetani. Kuna siku Sophie anakwenda mjini kumtembelea Lettie kwenye duka la keki, anasukumwa na umati wa sikukuu huku akiogopa hata watu wanaocheka, na anapofika anakuta aliyeko pale ni Martha. Wadogo wawili wamebadilishana nafasi kwa uchawi, wakachukua na sura. Lettie ndiye aliyetaka kujifunza, Martha alitaka kuolewa azae watoto kumi. Na Martha, mdogo wa wote, ndiye anayemwambia dada yake waziwazi kwamba anatumikishwa bure na kwamba mama yao anajua atakubali. Sophie anajaribu kumtetea mama. Anarudi nyumbani na yale maneno hayamtoki.

Kwangu hapo ndipo penye ushujaa wa kwanza katika kitabu, na hauna upanga. Wadogo wamekataa kugawiwa maisha, kisha mmoja wao akamgeukia mkubwa na kumwambia ukweli ambao mkubwa alikuwa akijificha asiuone. Udada wa namna hiyo nadra kuuona vitabuni. Mara nyingi tunapewa dada wanaogombania mwanamume au dada wanaokufa kwa ajili ya wenzao. Hawa wanaambiana kweli.

Halafu Mchawi wa Nyika anaingia dukani, anakasirishwa na umaarufu wa zile kofia, na kumgeuza Sophie kikongwe. Laana yenyewe inamzuia kumweleza mtu. Na hapa kitabu kinafanya jambo ambalo nadhani msomaji wa kwetu ataliona haraka kuliko msomaji wa huko kilikoandikwa. Sophie akiwa msichana hawezi kubishana na mteja. Akiwa bibi, anasema apendalo. Anatoka nyumbani na mkate na jibini, anaiona ngome inakuja na kuiamrisha isimame, nayo inasimama. Anaingia bila kukaribishwa, anavuta kiti karibu na moto, analala. Asubuhi anamgombeza mwenye nyumba. Sisi tunajua kwamba bibi ana ruhusa ambayo mjukuu wake hana: anaweza kumkatiza mwenyekiti wa kikao, kumwambia bwana harusi ni mvivu, na watu wakacheka wakamwitikia. Sophie anaipata ruhusa hiyo miaka mingi kabla ya wakati wake, akagundua kwamba maneno yote aliyafunga kifuani tangu zamani, yakisubiri uso wa kuyabeba.

Baadaye Howl, yule mchawi kijana mwenye ngome, anamwambia kwamba alijaribu kwa siri kumwondolea laana mara kadhaa na haikutoka, akahitimisha kwamba bibi huyu anapenda kujificha. Msichana alikuwa akiishikilia laana yake mwenyewe.

Nimesikia watu wakilalamika kwamba hii si safari ya ushujaa, kwa sababu Sophie akifika ngomeni kitu cha kwanza anachofanya ni kufagia. Lalamiko hilo nalielewa. Msichana anatoka duka la kofia kwenda kudeki nyumba ya mwanamume, tumesonga wapi? Lakini msomaji aangalie anavyofagia. Anafagia ili apekue. Amefanya mapatano na Calcifer, jini la moto lililofungwa kwenye jiko la ngome: avunje mkataba kati ya jini na Howl, naye jini atamtoa laana. Siri ya mkataba imo humo ndani, na hakuna anayemshuku bibi mwenye ufagio. Ngome ina mlango mmoja wenye kitasa cha rangi nne, ukikigeuza unatokea mahali pengine: bandarini, mji wa mfalme, milimani, na upande mweusi unatokea Wales, katika dunia yetu hii, kwa dada yake Howl asiyemsamehe kwa maisha aliyochagua. Zimwi la safari hii Sophie amekuwa akilala nalo chumba kimoja. Na akilishinda, analishinda kwa ulimi uleule wa chumba cha nyuma, anapoliambia jini liishi, nalo linaishi.

Filamu ya Mjapani Hayao Miyazaki ya mwaka 2004, iliyotokana na riwaya hii, imewafikia wengi zaidi kuliko kitabu, na ni nzuri kuitazama. Lakini imemtoa Martha kabisa. Amebaki Lettie mmoja, anaonekana kidogo, anamuuliza dada yake swali la maana kisha anapotea, na nafasi kubwa inachukuliwa na vita. Sanaa ya filamu ina mahitaji yake. Hata hivyo naona kilichokatwa ndicho kilichokuwa mfupa: bila wadogo waliobadilishana maisha, Sophie anaonekana amefungwa na mchawi tu, na ile kamba ya nyumbani haionekani. Kitabu kitangulie, filamu ifuate.

Jones hakuibuni hali ya dada watatu kutoka hewani. Alikuwa mkubwa wa mabinti watatu: Diana, Isobel na Ursula. Wazazi wao waliendesha kituo cha mikutano huko Thaxted, Essex, na kazi hiyo iliwameza kiasi kwamba watoto walilala kwenye kibanda cha nje na kujilea wenyewe. Baba alikuwa bahili wa vitabu. Alinunua seti ya vitabu vya Arthur Ransome, mwandishi wa hadithi za watoto, akaifungia, akawa anatoa kimoja kila Krismasi, wagawane watatu. Vitabu havikutosha, kwa hiyo Diana akawaandikia wadogo zake hadithi kwenye madaftari na kuwasomea. Aliyaingiza maisha hayo waziwazi katika The Time of the Ghost ya mwaka 1981, yenye dada wanne waliosahauliwa na wazazi. Kitabu hicho kina giza zaidi. Mtoto angoje akue kidogo.

Alifariki mwaka 2011 akiwa na riwaya aliyoifikisha kati. Ilihusu Aileen, msichana anayetumwa pamoja na shangazi yake kutoka kisiwa hadi kisiwa kukivunja kizuizi cha uchawi kilichomtenga na baba yake. Hakuacha maelezo ya namna itakavyokwisha. Aliyeimaliza ni Ursula, kitinda mimba, mmoja wa wale waliosomewa madaftari. The Islands of Chaldea ilitoka mwaka 2014 ikiwa na majina yao wawili, na mahali mmoja alipoishia na mwenzake alipopokea mimi nimepatafuta sijapaona.

Nakala ya Howl niliyo nayo sasa hivi iko kwa Dada. Ameshafika sura ya tano, na amenipigia kuuliza kwa nini Sophie hakudai mshahara tangu mwanzo.