Kwenye posa tuulizane na damu

Assalaam alaykum. Nimesoma makala inayosema elimu ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, bado haijafika vijijini. Mwandishi kasema kweli, kwetu haijafika. Mimi niko Wete, Pemba. Mdogo wangu alilia mifupa miaka mitatu, tukaambiwa ni shetani, tukamzungusha kwa waganga. Kumbe ni damu, kairithi kwa baba na mama wote wawili, nao wazima kabisa! Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kinasaba cha selimundu, kila mimba ina uwezekano wa 25% mtoto kuugua. Kwenye posa tunaulizana ukoo, dini, tabia. Kipimo cha damu hakuna anayekiuliza. Na walimu wa skuli na vyuoni (madrasa), nawaomba sana: mtoto mwenye selimundu mwacheni anywe maji kila anapotaka, na akisema mwili unamuuma, muaminini.