Bila dini mtu hawezi kuwa na maadili?

Hoja ya kwamba asiye na dini hana maadili inarudiwa kila siku na wanaoiamini sio wachache. Mwaka 2020 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa matokeo ya nchi 34, Indonesia watu 96 kati ya 100 walisema lazima umwamini Mungu ndo uwe na maadili mema, Sweden walisema hivyo 9 tu. Sasa Sweden hawachinjani barabarani, wanaishi kwa amani na kodi wanalipa, kwahiyo wanaosema ukiondoa dini jamii inasambaratika hapohapo mimi hawajanishawishi.

Halafu kuna watafiti wa Oxford, 2019 walipitia maandishi ya kianthropolojia, yaani ya wanaochunguza maisha na desturi za watu, kuhusu jamii 60 za kila kona ya dunia, dini zao tofauti kabisa, wakakuta yanayohesabika kuwa mema ni yaleyale, kusaidia ndugu na kundi lako, kulipa fadhila, ushujaa, kuheshimu wakubwa, kugawana kwa haki, kutogusa mali ya mwenzio. Sababu iko wazi, bila hayo watu hawakai pamoja.

Ila hapa ndo upande wa dini una hoja nzito ambayo wengi wanaikwepa. Kama maadili ni makubaliano ya jamii tu, jamii ikikosea nani ataiambia? Mwaka 1688 kule Germantown, Pennsylvania, wanaume wanne wa Quaker, kundi la Kikristo, waliandika barua kupinga utumwa, wakati huo kununua binadamu ilikuwa biashara halali kabisa na hata waumini wenzao walikuwa na watumwa. Ukienda na hesabu ya makubaliano basi wale wanne ndo wakosaji! Hiyo mimi siikubali hata kidogo. Na walichosimamia kwenye ile barua ni amri ya biblia ya kumtendea mwenzio vile unavyotaka utendewe, yaani imani iliwapa pa kusimama pale ambapo jamii nzima iliwapa mgongo.

Lakini biblia ileile, mwaka 1845 Wabaptisti wa kusini mwa Marekani wakajitenga na wenzao wa kaskazini wakitetea wenye watumwa waruhusiwe kuwa wamisionari, na kuomba msamaha ilikuja kuwa 1995. Wote walikuwa wanasali, wote wanasoma. Kwahiyo kitabu peke yake hakikuamua, kuna kitu msomaji alikuja nacho kabla hajafungua ukurasa, na kwangu hicho kitu ni uwezo wa kuona maumivu ya mtu mwingine kama maumivu kweli. Waumini watasema huo uwezo Mungu ndo kaupanda, sawa, ila basi kaupanda hata kwa asiyemwamini, na hapo hoja ya kwamba bila imani huna maadili inakufa.

Hofu ya moto wa milele siijadili sana, anayeacha kuiba kwa kuogopa adhabu tu bado hajamfikiria aliyeibiwa.

Wasio na dini nao wasishangilie mapema. Waumini wana mahali pa kukutana kila wiki, wanakumbushana, wanapatanishwa, wanamchangia mgonjwa ambaye hata si ndugu yao, na mpaka leo sijaona taasisi isiyo ya dini inayofanya yote hayo kwa watu wengi namna hiyo kizazi hadi kizazi.