Unconquered: Tunacheka, Kisha Tunaondoka Mapema

Kila anayeitaja Unconquered, sinema ya Cecil B. DeMille ya mwaka 1947, huanzia kwenye maporomoko. Gary Cooper na Paulette Goddard wanakimbizwa kwa mtumbwi, mto unawafikisha ukingoni, na mtumbwi unapodondoka Cooper anadaka tawi kwa mkono mmoja, bibie kwa mkono wa pili, wanabembea hadi nyuma ya maji, salama salimini. Steringi hafi. Watu hucheka, na wana haki. Kuna pia dira inayowababaisha wapiganaji Waseneca, wenyeji asilia wa Amerika, kama hirizi, na ngome ya Fort Pitt inayookolewa kwa magari yaliyopakiwa maiti za askari huku ngoma zikirindima. Takriban dola milioni 5 zilimwagwa humo.

Lakini tukishacheka, tunaondoka bila kurudi kwenye dakika za mwanzo, na huko ndiko sinema hii iliko.

Abby Hale, ndiye Goddard, anahukumiwa kunyongwa London mwaka 1763, kisha anapewa nafasi ya kuiokoa shingo yake: miaka 14 ya kutumikishwa makoloni ya Amerika. Tuishike hiyo 14. Chini ya sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika 1718, mwizi mdogo alihamishwa kwa miaka 7. Aliyesamehewa kitanzi, 14. Mtunzi mzembe angeandika kumi, au maisha. Sinema inayodhihakiwa kwa kukosa akili imeipata hesabu ya mahakama sawasawa. Wafungwa wapatao 50,000 walivushwa bahari hivyo hadi vita vya uhuru wa Amerika vya 1775 vilipoufunga mlango, na wengi waliuzwa melini, wanunuzi wakiwakagua kama mifugo. Haukuwa utumwa wa Waafrika: muda wao ulikuwa na kikomo, na mtoto hakuurithi. Hata hivyo Hollywood ilipenda kuwaonyesha walowezi kama watu huru waliokuja kwa hiari, na DeMille, mpenda fahari kuliko wote, akamweka mwanamke mweupe mnadani mbele ya hadhira yake.

Wanaoikataa sinema hii wana hoja nzito kuliko ya maporomoko, nayo ni Guyasuta. Mzee huyu wa Waseneca aliishi kweli. Mwaka 1753 alimwongoza njia George Washington kijana. Hapa amepewa Boris Karloff, Mwingereza wa sinema za kutisha, amcheze kama tishio la porini. Uasi wa wenyeji dhidi ya Waingereza wa 1763 ulikuwa na sababu zake: ardhi inaporwa, Waingereza wamebana baruti na zawadi. Sinema inamtwika lawama mfanyabiashara mmoja mwovu, Garth, anayewauzia wenyeji silaha. Na tarehe 24 Juni mwaka huo, ndani ya Fort Pitt halisi, wajumbe wa Wadelaware, wenyeji wengine, walikabidhiwa mablanketi mawili na leso kutoka hospitali ya wagonjwa wa ndui. Mfanyabiashara William Trent aliyaandika mwenyewe katika shajara yake. DeMille aliyeipata ile 14 hakuyaonyesha mablanketi hayo, na hilo linaniuma kuliko tawi lolote.

Bado sikubali itupwe. Aliyeiona kwa ajili ya kicheko tu airudie, aanzie melini, pale Abby anapopigiwa bei na miaka yake 14.