Modeli ya gari la Safari inataka chuma cha kukereza mwenyewe

Nianze moja kwa moja tu. Ukijenga modeli ya gari la Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Kenya, hata iwe ya skeli ya 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari lenyewe, inayokaa kiganjani, zile sehemu ambazo kwenye gari lenyewe zilikuwa za chuma zinafaa ziwe za chuma kweli, na kama una nafasi uzikereze mwenyewe kwa mkono. Najua siku hizi kuna printa za 3D, najua pia unaweza kuagiza karibu kila kitu kwa simu ukiwa umelala, na wenzangu wananiambia kila wiki kwamba napoteza usiku mzima kwa kitu cha milimita saba. Sikubaliani nao kabisa.

Gari ninalojenga ni Mitsubishi Colt Lancer 1600 GSR, aina ile ile Joginder Singh na David Doig walishinda nayo Safari ya 1974, wakamwacha Björn Waldegård namba mbili na Porsche 911 yake. Hiyo habari nimekua nayo, mzee wangu alikuwa akiihadithia kila Pasaka ikifika, jinsi walivyokuwa wanasimama kando ya barabara tangu alfajiri wakingoja vumbi litokee mbali halafu mtu mmoja anapiga kelele "Simba! Simba!" kwa sababu Joginder jina lake lilikuwa Simba wa Kenya. Na huyu Simba hakuwa mtu wa kukabidhiwa gari tayari aendeshe tu. Alikuwa fundi wa gereji, mikono yake ilijua spana. Ile Volvo PV544 aliyoshinda nayo 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant ilikuwa gari ambalo lilishakimbia Safari ya mwaka uliotangulia, yaani limeshapigwa na mawe na matope, wao wakaliandaa upya wakaenda kushinda.

Sasa chukua picha za magari ya Safari ya miaka ile uziangalie polepole. Utaona bulbar mbele kwa ajili ya wanyama, bamba nene la kukinga injini chini, taa za ziada, mengine yana taa ndogo juu ya bawa la gurudumu za kumulika pembeni usiku, na nyuma mengine yana vishikio na pa kukanyagia ili navigeta, yule msoma ramani wa dereva, asimame huko nje arukeruke gari lipate uzito kwenye udongo mweusi ule unaonata. Hizo vitu nyingi hazikuja na gari kutoka kiwandani. Kuna mtu alikata bomba, akalipinda, akalehemu, akapiga tupa pale palipobaki na makali. Ndio maana mimi nikiona bulbar ya plastiki iliyopakwa silva naona kama kazi ya yule mtu imefutwa.

Kukereza nimefundishwa na fundi mmoja wa Kariobangi Light Industries, Nairobi, ambaye kazi yake ya kila siku ni bushi za matatu. Nilienda kwake mara ya kwanza na fimbo ya milimita nane nikamwomba anikerezee taa nne, akaiangalia akaniambia leth yake, ile mashine ya kukerezea, ni kubwa mno kwa hiyo kazi lakini kaa hapo nikuonyeshe, na nikakaa Jumamosi nyingi tu. Leth ndogo ya mezani nilinunua baadaye.

Acha nieleze taa moja ujue nazungumzia nini. Taa ya gari la Safari ya inchi saba ni kama milimita 178, ukigawanya kwa 24 unapata 7.4. Hiyo ni rahisi. Tatizo ni ule ukingo wa kromu unaoshika kioo, ambao kwenye taa halisi ni bati jembamba, tuseme milimita moja, na ukiigawanya kwa 24 unapata 0.04, hakuna mtu atakereza hiyo na ibaki imesimama. Kwa hivyo unafanya hivi: unaacha ukingo uwe na unene wa kutosha nyuma ambapo hapaonekani, halafu unaulaza kidogo kidogo kwenda mbele mpaka mdomo tu ndio unakuwa kama wembe. Jicho linaona ule mdomo linaamini taa nzima ni bati. Aluminiamu natoa kwa wauza skrapu, naipaka mafuta ya taa kidogo na brashi wakati wa kukata kwa sababu ikikauka inaganda kwenye ncha ya kisu na inaanza kuchana badala ya kukata. Mkono wa kulia kwenye gurudumu la leth, pumzi nimeshika, utepe mwembamba unatoka kama nywele. Ukisikia mlio umebadilika unasimama hapo hapo.

Halafu izungushe hiyo taa chini ya balbu, na hapa ndipo wenye printa huwa wananikasirikia. Rangi ya silva ni chembechembe zimelala kila upande, inang'aa sawa popote unapotazama, inakuwa kijivu chenye nuru basi. Kitu kilichokerezwa kina mikwaruzo midogo ya duara, na mwanga unakaa juu yake kama mishale miwili ya saa iliyonyooka, ukigeuza modeli kidogo ile mishale inazunguka. Hiyo hakuna kopo la rangi litakupa. Bodi ya printa sawa, viti sawa, dashibodi sawa kabisa na pengine ni bora kuliko mkono wangu. Lakini taa, bomba la ekzosi, nati za magurudumu, hapana.

Na kuagiza nimeshajaribu. Nilitafuta seti ya taa za chuma kutoka nje, nikalipa, nikalipa tena ushuru, zikafika baada ya wiki kadhaa, kumbe zimemiminwa kwa kalibu na hazikulingana, moja ilikuwa na shimo la hewa usoni na nyingine nilipoipima kwa vania, kile kipimo cha milimita, ilikuwa kubwa kuliko mwenzake kwa zaidi ya nusu milimita. Nusu milimita kwenye 1/24 ni sentimita moja na zaidi kwenye gari halisi, jicho linaona hata kama mtu hajui anaona nini. Pesa ile ingeninunulia brasi, ile shaba ya manjano, ya miaka miwili.

Maana brasi wala si ghali. Nenda duka la vifaa vya kulehemia uliza rodi za brasi, utapata za 1.6 na za 2.4. Ya 2.4 kwenye skeli yetu ni bomba la milimita 58 hivi, ya 1.6 ni 38, yaani bulbar imeshapatikana hapo kabla hujakata kitu. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu hafifu, iache ipoe, inakuwa laini inapindika bila kuvunjika. Ila ukiiweka kwenye leth kumbuka kisu cha brasi kinanolewa uso bapa, ukitumia kile kilichoinama ulichonolea chuma kitajivuta chenyewe ndani na kazi itaruka kutoka kwenye chaki, ile taya ya leth inayoishika. Chembe zake ni ndogo na kali kama sindano, vaa miwani.

Nati za magurudumu ndizo zinazonila muda. Nati halisi ya spana ya 19 inakuwa 0.8 kwenye modeli. Kupata pembe sita nimechukua nati kubwa ya M8, yaani ya bolti ya milimita nane, nikaijaza kipande cha brasi nikatoboa katikati kwa keekee, fimbo yangu nyembamba inaingia humo na kubanwa, halafu nailaza nati kubwa juu ya bamba upande mmoja, nasugua fimbo kwa tupa laini mipigo mitano, nageuza upande wa pili, mitano tena, mpaka zimetimia sita. Ile nati kubwa ndio inanipimia pembe. Mwisho naipaka lehemu kidogo ya bati na kuifuta ikiwa bado moto, umanjano unapotea inabaki rangi ya chuma kabisa.

Magurudumu manne, nati nne kila moja, jumla 16. Nina kumi na moja kwenye kifuniko cha chupa hapa mezani na ya kumi na mbili iko kwenye M8 sasa hivi, upande wa nne.